Ukitaka kujitolea kwa mazingaombwe, waachie wao jukwaa

Mara nyingi ananipigia kijana anayejua kupoteza sarafu na kutoa vitambaa mdomoni, ananiambia, "Anko, nataka kwenda kuwafurahisha wale watoto wenye ulemavu. Nianzie wapi?" Namjibu asiende kuwafurahisha. Wafurahishaji wapo tele. Wanakuja siku ya sherehe na biskuti, muziki na kamera, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe nenda ukafundishe. Mtoto aliyezoea kuvishwa, kulishwa na kuvushwa barabara mpe kitu kimoja anachokijua yeye, ambacho wakubwa wote waliomzunguka hawakijui, kisha kaa pembeni umtazame.

Wazo hili si langu. Mwaka 1982 huko Marekani, David Copperfield, mwanamazingaombwe maarufu, alikuwa akiandikiana barua na kijana mmoja anayeupenda mchezo huu. Baadaye ndipo akajua kwamba kijana yule anatumia kitimwendo, jambo ambalo kwenye barua zake hakuwahi kuligusia. Copperfield akashirikiana na Julie DeJean, mtaalamu wa utengamao (kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujifanyia mambo) wa hospitali ya Daniel Freeman kule Inglewood, California, wakaanzisha Project Magic: wanamazingaombwe wanawafundisha wagonjwa michezo iliyochaguliwa kufuatana na matibabu yao. London nako kuna Breathe Magic, kambi ya watoto ambao upande mmoja wa mwili una udhaifu. Wanashinda na wanamazingaombwe na wataalamu kwa wiki mbili, jumla ya saa kama 60, wakijifunza michezo inayolazimisha mikono yote miwili ifanye kazi pamoja.

Mimi niko Tanga. Sina kambi, nina begi la mgongoni. Ninayoandika hapa yanafanyika kwa vitu vya sokoni na dukani kwa Mangi.

Pa kuanzia

Usianze na mkurugenzi wa hospitali au kituo, na usiandike barua yenye neno "onesho". Ulizia chumba cha mazoezi. Watafute watu wa fizio, yaani mazoezi ya viungo, na wenzao wanaomfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku: kufunga kifungo, kushika kijiko, kuandika jina. Waambie, "Najua michezo ya vidole, kiganja na kifundo cha mkono. Niambieni mnataka mkono wa huyu ufanye nini, mimi nitatafuta mchezo unaoufanya ufanye hivyo." Ukisema hivyo utaona mtu anavuta kiti. Wamechoka kuwabembeleza watoto wabinye mpira mara hamsini. Mtoto hataki, na mimi simlaumu, kwani kubinya mpira kuna raha gani? Lakini mtoto huyohuyo atakigeuza kikombe jioni nzima bila kuambiwa, kwa sababu anataka kumpiga chenga kaka yake.

Nenda na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa hata kama hawajakuomba. Usikae chumbani peke yako na mtoto, hata kwa dakika mbili za kungoja mtu arudi na funguo. Picha hupigi. Wakikuomba uje siku ya wageni ufanye vioja mbele ya wafadhili, huku watoto wamepangwa mstari nyuma yako, kataa kwa adabu. Kuna mahali niliambiwa hivyo, nikasema nitakuja siku nyingine, na siku nyingine nikaja.

Ahadi yako iwe ndogo na itimie. Siku moja kwa wiki, saa moja, siku ileile. Kama ni Alhamisi saa nne, basi ni Alhamisi saa nne hata mvua ikinyesha. Na tangu mwanzo waambie utaishia lini. Wengi wa hawa watoto wameshaachwa na watu wa kujitolea waliotoweka bila kuaga.

Suala la uchawi limalize siku ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwingineko duniani mwongozo wa namna hii usingelihitaji.

Huku kwetu mtoto akizaliwa na mgongo wazi au mtindio wa ubongo, hakosi jirani wa kusema mama karogwa, au kakanyaga kitu, au mtoto mwenyewe ni wa jini. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sasa fikiria katika mazingira hayo unaingia wewe na joho jeusi, unapulizia kikombe, unatamka maneno yasiyoeleweka, kitu kinatoweka. Unamwagia petroli moto ambao mama yule anapambana nao kila siku. Na tukumbuke Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, ingalipo: kujidai una nguvu za kichawi ni kosa kisheria.

Kwa hiyo vaa shati la kawaida, tena la mikono mifupi. Usipulizie. Usiseme "nguvu", sema "ujanja" na "mkono mwepesi". Mchezo wako wa kwanza fanya mbele ya wazazi na walezi, kisha ufichue siri palepale, mchana kweupe, polepole. Wanamazingaombwe wenzangu wanakunja uso hapo. Wakunje.

Mama mmoja aliniuliza waziwazi, akiwa amemshika bintiye begani, "Kaka, hivyo vitu vyako havina majini kweli?" Nikampa vikombe. "Dada, shika. Chungulia ndani. Hiki cha katikati kina sponji moja zaidi ambayo hukuiona. Basi, hakuna kingine." Akavigeuza, akavirudia, akacheka, akamwambia bintiye, "Kumbe ni uongo tu!" Wiki iliyofuata alikuwa anaujua mchezo kuliko mtoto, ikabidi nimwombe asimsaidie sana.

Mkono ndio unaochagua mchezo

Usije na mchezo unaoupenda ukamtafutia mtu wa kuufanya. Anza na mkono. Kaa ubavuni kwa mwanafunzi. Ukikaa uso kwa uso naye, kushoto kwako ni kulia kwake, na mtoto anayehangaika kujua mkono upi ni upi utamchanganya kabisa. Meza iwe ya kiwango cha viwiko vyake. Kitimwendo chenye mikono mara nyingi hakiingii chini ya meza, kwa hiyo beba sinia pana au ubao wa kulaza juu ya mikono ya kiti. Chini ya vifaa tandika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, visiteleze. Kitambaa hicho kina faida kuliko mchezo wowote nitakaokuambia.

Mchezo ninaoanza nao karibu kila mara ni wa vikombe. Chukua vikombe vitatu vya plastiki visivyopitisha mwanga, vinavyoingiana, na vipande vinne vya sponji ya godoro ulivyovikata mviringo. Watazamaji watajua ni vitatu. Kipande cha nne umekificha ndani ya kikombe cha katikati ya mrundo. Shika mrundo midomo ikiwa juu. Vuta kikombe cha chini, kigeuze, kilaze kifudifudi mezani. Cha pili, ambacho ndicho chenye siri, kigeuze ukilaze katikati. Cha tatu kando yake. Kinachofanya sponji isidondoke ni kwamba kikombe kinageuka kwa mwendo mmoja bila kusita, tena sponji ikatwe iwe imebana kidogo. Sasa weka sponji moja inayoonekana juu ya kitako cha kikombe cha katikati, funika kwa vile viwili vingine, gonga kwa kidole, inua vyote kwa pamoja. Sponji iko mezani. Imepenya!

Uzuri wake mwingine: ukiugeuza mrundo midomo juu, ile sponji uliyoiweka juu inakuwa ndani ya kikombe cha katikati yenyewe, bila ujanja wowote. Mchezo umejiandaa upya na mtoto anaweza kurudia mpaka achoke.

Kwa nini mtaalamu anaupenda? Mtoto mwenye udhaifu wa upande mmoja mara nyingi mkono wake umelala kiganja kikitazama chini, kifundo kimekunjika, dole gumba limejificha ndani ya ngumi. Kugeuza kikombe kunadai kiganja kitazame juu kisha kirudi chini. Kushika mrundo kunadai dole gumba litoke. Kwanza mkono dhaifu hushika tu mrundo, ule wenye nguvu ndio unageuza. Mtaalamu akisema sasa, badilisheni. Atakayesema ni yeye, wewe unangoja.

Anza kufundisha kutoka mwisho. Fanya hatua zote wewe, mwanafunzi ainue tu vikombe na kuonyesha sponji. Sifa anazipata yeye tangu siku ya kwanza. Akishaweza, aongeze kugonga. Kisha kufunika. Kugeuza, kazi ngumu kuliko zote, kunakuja mwisho wakati tayari ana hamu. Ukianza na kugeuza, sponji zitatawanyika chini na mtoto ataona mchezo wenyewe unamcheka.

Kwa watoto wanaotia vitu mdomoni, sponji ziwe kubwa kupita kinywa, au tumia soksi iliyoviringishwa na vikombe vikubwa. Kuwa na kitambaa cha kufutia mate, ufute bila kuleta shughuli.

Kwa anayehitaji kubana kwa ncha za vidole kuna klipu na noti. Kunja noti ya elfu moja iwe na sura ya herufi Z ukiitazama kutoka juu. Klipu ya kwanza ishike ukuta wa mbele na wa kati, ya pili ishike wa kati na wa nyuma, zote ukingo wa juu. Vuta ncha mbili za noti, kila mkono upande wake. Klipu zinaruka, zinaangukia mezani zimeshikana. Tafuta klipu kubwa, zile ndogo ni adhabu. Mkono usioweza kuvuta unaweza kubana ncha ya noti juu ya meza, mwingine ukavuta.

Kwa anayejifunza mkasi kuna uzi na mrija. Pasua mrija kwa urefu katikati, mpasuo wa sentimita tano hivi, upitishe uzi ndani. Kunja mrija katikati, mpasuo ukiwa upande wa ndani wa kunjo, na wakati huohuo vuta kidogo ncha mbili za uzi: uzi unateremka kupitia mpasuo na kujificha nyuma ya vidole. Kata mrija kwenye kunjo. Vuta uzi, mzima. Mkasi uwe wa watoto, ncha butu.

Karata kwa mwenye mkono mmoja? Nunua brashi ya kufulia, ilaze nywele juu. Karata zinasimama katikati ya nywele zake kama zilivyopangwa. Mtu anaona karata zake zote, anachomoa anayotaka. Hakuna haja ya kifaa cha kuagiza nje. Na mwanafunzi wa aina hii asipokuamini kwamba inawezekana, msimulie René Lavand wa Argentina, aliyepoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa na akaja kuwa mmoja wa mabingwa wa karata duniani kwa mkono wa kushoto peke yake, tena kwa kuzicheza polepole makusudi. Alifariki mwaka 2015.

Kabla sijaendelea, mpira. Michezo mingi ya mwanzo hutumia rababendi inayoruka kutoka kidole hadi kidole, na mwanamazingaombwe yeyote hutembea na maputo. Watu wenye mgongo wazi wengi wao wana mzio wa mpira wa asili, na mzio huo unaweza kuwa wa hatari kweli, wa kuziba pumzi. Uliza kwanza. Mimi nimeamua maputo na rababendi visiingie kabisa kwenye begi hilo. Taa za kumwekamweka nazo ziache, wapo wenye kifafa. Na zile sarakasi zetu za kutafuna viwembe na kumeza moto, waachie wa mnadani.

Wazee waliopata kiharusi

Usimpelekee mzee sponji za rangi. Mpe shikamoo yake, kaa, mwache akuulize wewe ni mtoto wa nani. Karata nazo kwa nyumba nyingi ni kamari, utamweka vibaya mbele ya familia yake.

Pwani yetu ina dhumna. Seti ina kete 28. Kabla ya kuanza, mzee anaficha kete moja yenye namba mbili tofauti, tuseme tano na mbili. Anawapa wenzake zilizobaki wazipange zote mstari mmoja kwa kanuni ya kawaida, sita kwa sita, tatu kwa tatu, mpaka ziishe. Wabishane wanavyotaka. Mstari ukikamilika, ncha moja itakuwa tano na nyingine mbili. Lazima. Seti nzima hufunga duara, ukitoa kete moja duara linakatika hapohapo ilipotoka.

Nimeupenda mchezo huu kwa sababu mbili. Kuokota kete nyembamba mezani na kuisimamisha ni zoezi halisi la vidole, na hakuna mzee anayeona aibu kushika dhumna. Halafu kiharusi kinachopooza upande wa kulia mara nyingi huondoka na maneno pia. Mzee anajua anachotaka kusema, maneno hayatoki, watu wanamjibia, mwisho wanamzungumza kama hayupo. Kwenye mchezo huu hahitaji kusema lolote. Wenzake wanapanga, wanamaliza, yeye anatoa kete yake mfukoni kwa mkono wa kushoto, anaiweka mezani: tano, mbili. Kelele zote zinazofuata ni za wengine. Mzee mmoja wa Ngamiani alikuwa akishaiweka hiyo kete anaegemea kiti na kumkazia macho shemeji yake, aliyekuwa anamfunga dhumna enzi za afya, hadi shemeji aombe zirudiwe.

Kama familia inapendelea bao, fanya michezo ya kete za bao chini ya vifuu. Kanuni ni ileile ya vikombe.

Wasioona, wasiosikia

Watu hudhani asiyeona hawezi mazingaombwe. Richard Turner wa Marekani haoni, na ni mmoja wa watu wanaoheshimiwa sana duniani kwa kuchezea karata. Mchezo rahisi wa kuanzia ni wa sarafu yenye joto. Chukua sarafu tano zenye miaka tofauti, ziweke kwenye sahani. Mwanafunzi anageuza mgongo. Mtazamaji anachagua moja, anasoma mwaka, anaifumba kwenye ngumi, wenzake wanapokezana wakiifumbata mmoja mmoja ili "waukumbuke mwaka". Irudishwe, ichanganywe. Mwanafunzi anapapasa, anatoa moja: ndiyo yenyewe. Ilipata joto la viganja.

Kuna tatizo la kijiografia. Asubuhi ya mwezi wa saba milimani Lushoto mchezo unakwenda wenyewe. Tanga mjini mwezi wa pili, saa saba mchana, sarafu zote tano zina joto la mwili. Dawa yake: dakika kumi kabla, zilaze juu ya chupa ya maji ya baridi, zifute unyevu, anza haraka. Mweleze mwanafunzi njia hiyo yote, maana atakuwa peke yake siku utakapokuwa haupo. Unapomfundisha, usimshike mikono na kuiburuta. Mwombe aweke mikono yake juu ya yako afuate.

Kwa viziwi mambo yanageuka. Sisi tumezoea kuficha kwa mdomo: unasema utani, watu wanacheka, mkono unafanya yake. Kiziwi hapotezwi kwa utani, anatazama tu, na anatazama vizuri kuliko mtu yeyote. Fundisha kuficha kwa macho: unapotazama wewe ndipo atakapotazama yeye. Eleza kwanza kwa lugha ya alama, nyamaza mikono, ndipo ufanye kitendo. Huwezi kufanya vyote pamoja, macho ni yaleyale mawili. Usisimame na dirisha mgongoni. Mkalimani mfundishe mchezo kabla ya kipindi, la sivyo atashangaa yeye na tafsiri itasimama. Nawe jifunze angalau salamu, "tazama", "tena" na "siri".

Kwa mwenye usonji, usimshtue, usimtokee kwa nyuma, usitoe sarafu sikioni mwake kabla hajakuruhusu kumgusa. Akitaka mchezo mmoja kipindi kizima, mpe huo mmoja. Kwa mwenye ulemavu wa akili, kitu kubadilika rangi mara nyingi humfurahisha kuliko kitu kutoweka.

Siku ya kuonyesha

Mtazamaji wa kwanza awe mmoja, na amchague mwenyewe. Mara nyingi ni mdogo wake. Ukumbi uje baadaye, au usije kabisa.

Mtoto ambaye kuzungumza kunampa shida asibebeshwe maneno mengi. Atamke "Paukwa!" tu, ukumbi mzima utamjibu "Pakawa!" bila kufundishwa. Neno moja, pumzi moja, na watu wameshakuwa wake. Mtaalamu wa usemi akiwepo atakuambia hilo nalo ni zoezi.

Sponji itadondoka. Kwa hiyo mpe mapema sentensi ya kutokea, muifanyie mazoezi sawasawa na mchezo wenyewe: "Hiyo nimewaonjesha, sasa tazameni." Mjulishe kwamba kila mwenye kazi hii anayo sentensi yake. Na wewe mwalimu jizuie. Usikimbilie kuokota, usimalizie, usiwaambie watu "mpigieni makofi jamani." Mchezo ukiwa mzuri watapiga. Ukiwa haujakaa, makofi ya huruma mtoto huyatambua haraka kuliko unavyodhani.

Siri ni zake sasa. Mwambie hapaswi kuifichua, ila aamue mwenyewe mtu mmoja wa kumwamini. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo siri ya kwanza maishani mwao ambayo hakuna mtu mzima anayewatunzia. Mimi siweki michezo yao mtandaoni, na wewe usiweke. Niliyoieleza hapa ni ya vitabuni, inajulikana miaka mingi, bado kuna mengine.

Vifaa viwe mali ya mwanafunzi tangu mwanzo. Vikombe vitatu na kipande cha sponji havizidi nauli yako ya kwenda na kurudi, na kama vinazidi, omba kipande kwa fundi magodoro, atakupa bure. Andika jina lake chini ya kila kikombe kwa kalamu isiyofutika. Mwisho wa saa usikusanye chochote, maana mazoezi yenyewe ni ya zile siku sita ambazo hupo. Mwachie mtaalamu karatasi yenye mstari mmoja kwa kila mwanafunzi: mchezo gani, mkono upi, kilichokwama. Wiki ijayo ataijibu kwa kalamu nyekundu, na hapo ndipo utajua cha kununua sokoni.